Nusu ya Maisha ya Nani

Ruiru, Ijumaa, saa nane mchana

Nyambura, maitu,

Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na hilo halitabadilika hata ukirudi na kofia ya digrii. Umekwenda Gitothua kumuaga tata yako, na namjua dada yangu: hatakuachilia kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nyumba ni yangu hadi jioni, na nina kalamu.

Mambo ya blanketi, ya viatu, ya kutokunywa maji yasiyochemshwa, cucu wako, bibi yako, ameyasema yote, na aliyoyasahau yeye tata anayasema sasa hivi. Mimi sitayarudia. Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu Jumapili.

Jumapili walikuita mbele ya kanisa wakuombee. Ukapewa nafasi ya kusema neno, ukasema vizuri, sauti haikutetemeka. Ukawashukuru watu. Halafu ukasema: "Naenda Kampala kusoma sayansi ili nirudi niuondoe ujinga uliomuua mama yangu. Mama yangu alikataa dawa." Watu wakapiga makofi. Wengine wakasema amina. Mimi sikupiga makofi, na uliniona. Njiani ukaniuliza, "Baba, mbona hukufurahi?" Nikakuambia nina mafua.

Sikuwa na mafua. Nilikuwa na hasira. Kutoka kanisani hadi kwa fundi wa baiskeli nilikukasirikia wewe. Kutoka kwa fundi wa baiskeli hadi nyumbani nilijikasirikia mimi, na hasira hiyo ya pili ndiyo inayoandika barua hii.

Najua neno lile umelitoa wapi. Ulipokuwa unatafuta cheti chako cha ubatizo uliiona ile karatasi ya hospitali, yenye mhuri. Mgonjwa alikataa matibabu. Maneno matatu, hata kwa Kiingereza chao ni matatu. Ukayasoma, ukaikunja karatasi kama ilivyokuwa, na hukuniuliza. Mimi nami niliona imekunjwa upande mwingine, na sikukuambia. Tumeishi hivyo miezi minne, kila mtu akimhurumia mwenzake.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa nyumbani tunasema Kikuyu na Kiingereza chako sasa kimenipita. Kosa lenyewe lilifanyika kwa Kiswahili. Nataka ulione palepale lilipoangukia.

Ulikuwa darasa la sita nilipoanza kazi kwa Bwana Kijiko, kule shamba la kahawa la upande wa Murera. Jina lake halisi lilikuwa refu. Wachumaji walimpa hilo kwa sababu alipima kila kitu kwa kijiko, hata sukari ya chai aliisawazisha kwa kisu kabla ya kuitia kikombeni. Alitaka kujua mbolea inakwenda wapi ndani ya mkahawa, kama ni mizizi ya juu inayokula au ya chini. Alinichagua mimi kwa kuwa nilifika darasa la nane, nilijua Kiingereza cha kutosha, na tarakimu zangu hazikufanana na minyoo.

Mbolea yake ilikuwa fosforasi, lakini si ile ya gunia. Hii ililetwa kwa ndege kutoka Uingereza, kichupa kidogo ndani ya sanduku la risasi. Nilipolitamka hilo getini, "sanduku la risasi", askari akashika bunduki yake. Ilikuwa Hali ya Hatari, maitu, na hapakuwa na mtu wa kumweleza kwamba risasi ni madini mazito pia. Bwana Kijiko alilazimika kuja mwenyewe kulifungua. Ningejifunza siku ile kwamba neno moja likiwa na maana mbili, watu huchukua ile wanayoiogopa. Sikujifunza. Nilicheka.

Nilimuuliza Bwana Kijiko hii ina tofauti gani na ya gunia. Kwa hilo alikuwa mtu mzuri: ukimkuta hana haraka, anakueleza. Akaniambia kila chembe ya kitu ina kiini ndani yake, kama yai. Kiini cha fosforasi ya kawaida kimetulia, kitakaa hivyo milele. Lakini huko kwao wana tanuri la atomu, na ndani ya tanuri hilo wanaweza kutengeneza kiini cha fosforasi chenye chembe moja zaidi, moja tu, isiyo na umeme wowote. Kwa hiyo moja hakitulii tena. Kitakaa, kitakaa, halafu ghafla kitarusha kitu nje na kugeuka kuwa salfa, salfa ileile tunayoijua. Duniani humu, katika udongo wote wa kutoka hapa hadi Thika, huwezi kuokota kiini kama hicho. Ni cha kutengenezwa na watu.

"Na mti unajua?" nikamuuliza.

"Mti haujui kitu. Unaila kama nyingine yoyote."

Hiyo ndiyo ilikuwa hila yake. Tuliimwaga shinani na maji, mti ukaila, ukaipandisha hadi majani, sisi tukayachuma, tukayachoma, tukaweka majivu chini ya mashine, na mashine ikaanza kudonoa: tik, tik-tik, tik. Wachumaji waliiita Kuku. Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza Kuku na kuandika. Palikuwa na tone moja tulilolikausha kwenye kisahani bila kuligusa tena, la kulinganishia. Siku ya kumi na nne lilidonoa nusu ya lilivyodonoa mwanzoni. Siku ya ishirini na nane, si kwamba lilinyamaza, hapana. Lilidonoa nusu ya ile nusu. Nikamuuliza Bwana Kijiko ni viini vipi vinavyokwenda kwanza, vile vizee?

"Hakuna vizee," akasema. "Kiini hakizeeki. Kilichotengenezwa jana na kilichokaa miezi mitatu, nafasi ya kwenda leo ni ileile. Hakuna mtu anayeweza kukionyesha kwa kidole kile kitakachofuata. Profesa wangu mwenyewe hawezi. Tunajua tu kwamba vikiwa umati, katika siku kumi na nne nusu vitakuwa vimekwenda."

Nilirudi nyumbani nimejaa. Nilimweleza mama yako jikoni, naye akakoroga uji akinisikiliza, akasema, "Kwa hiyo mkubwa na mdogo ni sawa. Afadhali ingekuwa hivyo kwa chifu." Alikuwa na maneno, mama yako. Wewe umeyarithi, ndiyo maana yanauma.

Sasa ufike kwenye siku yenyewe.

Wanawake waligoma kuchuma kwenye mistari ile. Waliona tumezungushia miti utepe mwekundu, wakaona Bwana Kijiko amevaa glovu ndefu hadi viwikoni, na mimi nina mikono mitupu. Wakaweka madebe chini. Nyokabi, yule rafiki wa mama yako mwenye mdomo, akatangulia mbele.

"Atĩrĩrĩ, Baba Nyambura," akasema, "hayo maji mnayomwaga yana nini? Mbona huyu amejifunika kama bibi arusi na wewe uko uchi?"

Nikamgeukia Bwana Kijiko. Alikuwa na haraka, gari lilikuwa linamngoja. Kuhusu glovu hakusema lolote, na mimi sikuuliza. Akasema, waambie ile nusu ya maisha ni siku kumi na nne, hiyo inatosha. Halafu akaingia garini.

Palikuwa na Wakamba pale, na Waluhya, kwa hiyo nilisema kwa Kiswahili. Nilisimama juu ya mzizi ili nionekane. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma:

"Msiogope. Nusu ya maisha yake ni siku kumi na nne."

Soma tena, maitu, uone nilichowaambia. Waingereza wana neno lao la mtu na neno lao la kitu. Sisi tuna "yake" moja: ya mtu, ya mbuzi, ya sufuria, ya fosforasi. Mimi kichwani nilikuwa na fosforasi. Wao walikuwa wanaangalia mikono yangu.

Nyokabi akauliza, "Yake nani? Wewe?" Na kabla sijajibu akawageukia wenzake: "Haya, Mama Nyambura, anza kutafuta mume mwingine. Huyu amebakiwa na siku ishirini na nane!"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mama yako alikuwa katikati yao, naye akacheka, akasema, "Niacheni kwanza nimalize kushona blauzi nyeusi." Mimi nami nikacheka. Na kwa kuwa watu wamecheka, nikaona nimefaulu. Wakaokota madebe wakarudi kazini. Sikurekebisha neno. Mwezi mzima walinisalimia hivi: "Bado upo?" Nami najibu, "Nipo nusu."

Kisha mzee Mutua, aliyekuwa akitusaidia kuchimba mashimo, akafa. Alikuwa amekohoa miaka, kila mtu alimjua kwa kikohozi chake. Lakini alikufa wiki ya nne baada ya sisi kumwaga yale maji, na kicheko kikaisha siku hiyohiyo. Kuanzia hapo yale maji yakapata jina. Yaliitwa Nusu. "Usipite huko, kuna Nusu." "Mtoto asiokote majani hayo, yana Nusu." Bwana Kijiko alirudi kwao na vitabu vyake, utepe mwekundu ukaoza, na ndani ya miezi michache hapakuwa na kitu tena katika udongo ule zaidi ya salfa kidogo. Lakini neno halikupungua. Neno halina siku kumi na nne.

Miaka miwili baadaye mama yako akaanza kutetemeka mikono. Ulikuwa bwenini, hukuona mwanzo wake. Alishika kikombe kwa mkono mmoja na kuushika mkono huo kwa mwingine. Kanisani aliikalia mikono. Vifungo vya sweta nilimfunga mimi asubuhi, na alikuwa akigeuza uso pembeni nisione anavyoona haya. Alikonda huku anakula. Moyo wake ulikimbia amelala; niliusikia kupitia godoro. Shingo ikavimba. Nyapara akawa anampigia kelele kwa sababu majani yalianguka ndani ya debe pamoja na kahawa, na yeye alisema tu kwamba miti ya mwaka huu ina upepo.

Nilimpeleka Thika. Daktari alikuwa mgeni, mpole kwa sauti, mwenye macho kwenye saa. Akasema ni rovu, lakini ile mbaya, inayoukimbiza mwili kama saa iliyofungwa kupita kiasi. Kupasua kulikuwa hatari kwa moyo wake. Lakini kulikuwa na dawa mpya. Ni aidini, akasema, kama ile ya kupaka kidonda, ila kiini chake kimetengenezwa. Shingo hula aidini. Haiwezi kutofautisha. Itaila hii ikidhani ni ileile, na ikishaingia pale itaipunguza rovu kutoka ndani, kimyakimya, bila kisu. Anakunywa kikombe kimoja kama maji.

Nyambura, furaha niliyoipata! Nilimwambia daktari, "Najua mambo haya, bwana. Nimefanya kazi nayo." Nikamtajia fosforasi, nikamtajia Kuku. Akanyanyua macho kutoka kwenye saa kwa mara ya kwanza. Akasema, hatimaye mtu anayeelewa. Nesi aliyesimama pale akanitazama kwa heshima. Weka hilo akilini, kwa sababu hilo ndilo lililoninyamazisha baadaye.

Dawa ililetwa. Jumatano asubuhi tulikuwa pale, pasi ya serikali ya kusafiria mkononi. Kisanduku cha risasi mezani. Daktari akasema: mwambie anywe leo, isingoje, kwa sababu nusu ya maisha ni siku nane.

Na mimi, mtu anayeelewa, nikamgeukia mama yako nikasema kwa Kikuyu maneno yaleyale niliyoyasema juu ya mzizi, na Kikuyu nacho hakikunisaidia, "wake" wa mtu na wa kitu ni neno moja: nusu ya maisha yake ni siku nane.

Aliiondoa mikono yake mezani. Akaniangalia mimi, hakukiangalia kisanduku. Akasema polepole, "Muulize daktari: nusu ya maisha ya nani?"

Hilo ndilo alilosema. Hakulia wala hakukimbia. Aliuliza swali, na swali lenyewe lilikuwa ndilo, hakuna lingine. Ungekuwa wewe ndiye mwalimu na yeye mwanafunzi, ungempa alama zote. Kati yetu sote chumbani mle, daktari na nesi na mimi na Kiingereza changu, ni yeye peke yake aliyekuwa amesikia kwamba sentensi ile ina shimo.

Na mimi sikumuuliza daktari. Nilikuwa nimeshasema najua. Nilimwona nesi akingoja, nikaogopa atacheka, nikaogopa daktari atarudi kuangalia saa. Nikasema kwa Kiingereza, "Anaomba wiki moja afikirie." Daktari akakasirika. Akasema katika wiki moja karibu nusu itakuwa imekwenda. Nami nilijua hivyo kuliko mtu yeyote wa hapa kwetu. Nilikuwa nimeandika tarakimu za fosforasi kwa mkono wangu. Nikasema, ndiyo, bwana, anajua. Akaandika kitu kwenye karatasi.

Nyumbani sikumweleza. Nilimwamuru. Nilisema, "Wewe kunywa tu, mimi najua."

"Kama unajua, niambie."

"Ni mambo ya vitabu."

"Basi soma kwa sauti," akasema. "Nina masikio."

Nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara ngapi sijui. Miaka yote hiyo nilikuwa na maneno ya kumweleza jikoni jinsi kiini kisivyozeeka, akinisikiliza na mwiko mkononi. Wiki ile moja, iliyokuwa ya kazi, sikuwa na hata moja. Nadhani ningelazimika kuanza kwa kusema "siku ile shambani nilikosea", na midomo haikufunguka hapo.

Jumatano iliyofuata aliamka kabla yangu. Alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, cha kwenda safari. Akaniambia: "Twende. Nimefikiri. Kama inachukua nusu, ichukue. Nusu itakayobaki itanitosha kumwona Nyambura akimaliza shule."

Sasa umejua. Alidhani dawa ile itamla nusu ya maisha yake, na alikubali kuinywa. Aliinuka kitandani kwenda kulipa bei ambayo haikuwepo, kwa ajili yako. Nami hata hapo sikumwambia. Nilisema, "Vizuri," nikamfunga vifungo vya sweta.

Kwenye kizuizi cha barabarani karani aliitazama pasi akaigeuza.

"Hii ni ya Jumatano iliyopita."

"Ni hospitali, ndugu yangu. Mgonjwa ndiye huyu."

"Namwona. Omba nyingine. Afisa anarudi Jumatatu."

"Dawa haiwezi kungoja Jumatatu."

"Hospitali ya Thika haiendi popote, mzee."

"Dawa ndiyo inayokwenda," nikamwambia. "Imo chupani, lakini inakwenda."

Akawageukia askari wake. "Mnasikia? Dawa yake inakwenda! Inakwenda na miguu gani, miwili au minne?" Wakacheka. Mama yako akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, mikono chini ya mapaja, akangoja wamalize kucheka ili turudi nyumbani.

Pasi tuliipata Jumatano ya tatu. Daktari alikuwa amekwenda likizo. Aliyekuwepo aliipima chupa, akasema imebaki chini ya theluthi, haitoshi, ataagiza nyingine. Nyingine ilifika Nairobi. Ilikaa huko katika ofisi fulani kwa sababu karatasi zake zilikuwa na jina la daktari aliye likizo, na mwenye kubadilisha jina alikuwa hajasikia kwamba kuna kitu duniani kinachoweza kupungua ndani ya sanduku lililofungwa. Chupa imejaa, haraka ya nini? Moyo wa mama yako ulisimama Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti cha jua, na chupa iko ofisini.

Nilipokwenda kuchukua karatasi za mazishi nikakuta yale maneno matatu. Nikamwambia karani wa hospitali, "Hakukataa."

"Siku ya kwanza alikunywa?"

"Hakunywa. Aliuliza swali."

"Hapa kuna visanduku viwili vya kuweka alama," akasema, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. "Alikubali, alikataa. Cha aliuliza hakuna."

"Basi andika pembeni."

"Mzee, nenda kazike."

Nikaenda nikazika. Na kaburini mtu mmoja mwema, sitamtaja, akaniambia siku zake zilikuwa zimefika. Nilimpa mkono, nikamshukuru, na hadi leo nikikumbuka najuta kumshukuru. Siku zake hazikuwa zimefika. Siku za dawa ndizo zilizokwisha. Na hapo ndipo nataka unisikilize, kwa sababu huko uendako utafika kwenye somo la viini hivi, na watakufundisha vizuri kuliko mimi. Watakuambia kiini kinakwenda bila sababu, bila uzee, bila kosa la mtu, na hakuna wa kumlaumu. Ni kweli. Kwa kiini ni kweli, na nimeisikia kweli hiyo kwa masikio yangu, tik, tik-tik, miezi mizima. Lakini watu wameiba kweli hiyo wakaivika kwa binadamu. Wanasema ilitokea tu. Kifo cha mama yako hakikutokea tu. Ukirudi nyuma kutoka kiti kile cha jua utakuta ofisi, utakuta pasi, utakuta saa ya daktari, na mwisho kabisa utanikuta mimi, nimesimama juu ya mzizi.

Gazetini niliwahi kusoma kwamba huko Marekani wametengeneza elementi mpya kabisa, chembe chache sana, wakazihesabu moja moja zilivyokuwa zikienda, na kila moja ilipokwenda walijua. Nilifurahi kwa dakika moja, kwa sababu ya yale mambo ya zamani. Halafu nikashikwa na hasira hata nikalikunja gazeti. Chembe moja isiyoonekana inangojwa na watu wazima waliovaa makoti meupe, na ikienda wanaiandika. Mwanamke mzima aliyefikiri wiki nzima na kukubali hakupata hata kisanduku.

Kuna kitu kimoja nimekipata kwa yote haya, na nakupa kwa kuwa sina kingine. Utajua mengi. Siku moja mtu asiyejua atakuuliza jambo mbele ya wakubwa zako, na swali lake litakuaibisha. Utatamani kusema "mimi najua" ili liishe. Mimi nilisema hivyo, mara mbili.

Sikuombi uache sayansi yako. Naipenda kuliko unavyofikiri. Wala sikuombi uniheshimu kesho stesheni kama ulivyoniheshimu leo asubuhi. Ukitaka kupanda treni bila kunipa mkono, nitaelewa, na mizigo nitakubebea vilevile. Ninachokataa ni neno moja tu. Ujinga ulikuwepo, ndiyo, lakini umemwekea mtu asiyekuwa nao.

Hilo neno lilisemwa mbele ya kanisa, na barua haisomwi mbele ya kanisa. Kwa hiyo jana nilikwenda kwa mzee wa kanisa nikaomba nafasi Jumapili hii, baada ya matangazo. Akaniuliza ni shukrani ya safari ya mtoto? Nikamwambia ni sahihisho. Nyokabi atakuwepo, na wengi waliocheka siku ile. Wewe utakuwa umekaribia Kampala, hutanisikia. Nitasema kwa Kikuyu, kisha nitasema kwa Kiswahili kwa ajili ya Wakamba na Waluhya, na sitashuka pale mbele hadi kila mmoja wao ajue kwamba maisha yale yalikuwa ya dawa, na kwamba mama yako ndiye aliyeuliza.

Baba yako